Vitunguu Ndani ya Gari la Zimamoto

Kila asubuhi Delbert Hrovat alitengeneza kahawa kabla mkewe hajaamka. Alimimina vikombe viwili. Kando ya kikombe cha Arlene aliweka vidonge vyake vya moyo, kimoja cheupe na kimoja cha njano. Kisha aliketi dirishani na kuwatukana kindi waliokuwa wakila mbegu alizowawekea ndege. Ndivyo walivyoishi tangu Delbert alipostaafu kazi ya kiwanda cha matairi.

Asubuhi moja ya Aprili hakuwatukana kindi. Alikuwa akiitazama bili ya kodi ya nyumba.

"Imepanda tena," alisema Arlene alipoingia. Hakuhitaji kuisoma bili. Alisoma uso wa mumewe.

"Imepanda tena. Na mwezi ujao wanataka tupige kura waongeze nyingine, ya zimamoto. Tukikataa, wanafunga kituo cha upande wetu wa mto. Tukikubali, tutauza nyumba tulale kwenye gari."

"Gari lenyewe bovu," alisema Arlene.

"Unacheka? Mimi sicheki."

Kweli hakuwa akicheka. Nyumba ile aliinunua akiwa kijana. Aliipaka rangi kwa mikono yake, na paa aliliezeka yeye mwenyewe. Aliogopa kuipoteza uzeeni. Alivaa koti akaenda supamaketi kununua mkate.

Nje ya supamaketi palikuwa na gari la zimamoto. Lilikuwa kubwa, jekundu, limeng'arishwa hadi linaumiza macho. Delbert alitazama huku na huku. Hakuona moshi. Hakuona mtu anayekimbia. Watu walikuwa wakisukuma matoroli yao kama siku zote.

"Kuna moto?" alimuuliza mwanamke mmoja mlangoni.

"Moto gani? Wanashopu," alijibu yule mwanamke akaenda zake.

Delbert aliwakuta mbele ya majokofu. Walikuwa wanne, wamevaa buti na suruali za kazi. Redio zilining'inia mabegani. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu alikuwa akitia makopo ya aiskrimu kwenye toroli. Wenzake walikuwa wakicheka hadi wanashika mbavu.

"Ongeza ya karameli!" alisema mmoja. "Usituonee huruma! Ongeza!"

Damu ilimpanda Delbert kichwani. Wao wanaongeza karameli, na yeye anapunguza mkate! Alitoa simu, akampiga picha yule kijana akiwa na aiskrimu mikono yote miwili. Alipotoka nje akapiga picha ya gari pia.

Mji wa Harmon Bend ulikuwa na ukurasa wake mtandaoni. Watu waliutumia kutafuta paka waliopotea na kulalamikia mashimo ya barabarani. Delbert aliziweka picha zake pale. Chini akaandika: "Kodi yangu imepanda. Sasa najua inakwenda wapi."

Hadi saa sita mchana, mji mzima ulikuwa umeshaziona.

"Mafuta ya gari hilo nani analipa?" aliuliza mmoja.

"Wanalala kazini na bado wanalipwa!" aliandika mwingine.

"Tarehe ya kura, sote tuseme HAPANA."

Delbert alijisikia mtu wa maana. Tangu astaafu, hakuna aliyemsikiliza ila kindi. Alimpelekea Arlene simu sebuleni.

"Hebu ona. Mumeo amekuwa mtu maarufu."

Arlene alivaa miwani. Aliitazama picha. Aliendelea kuitazama, na tabasamu lake likatoweka.

"Del. Huyu ndiye."

"Ndiye nani?"

"Kijana aliyepiga magoti jikoni kwetu mwezi wa Januari. Nilipoanguka."

"Haiwezekani. Mimi niliita gari la wagonjwa."

"Uliita gari la wagonjwa. Nani alifika kwanza?"

Delbert alijaribu kukumbuka. Alikumbuka theluji sakafuni. Alikumbuka buti kubwa. Alikumbuka kwamba alikasirika na kupiga kelele: "Mbona mmeleta gari la kuzima moto? Hapa hakuna moto!" Lakini nyuso za wale watu hakuzikumbuka hata moja. Siku ile alikuwa akiutazama uso mmoja tu, na ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Alinivalisha kitu cha kupumulia," alisema Arlene. "Akanishika mkono. Akaniambia nimtajie majina ya wajukuu, mmoja mmoja, nisilale. Gari la wagonjwa lilikuja baadaye, kutoka ng'ambo ya mto. Sasa leo umemwita mwizi mbele ya mji mzima."

"Sikuandika mwizi!"

"Hukuandika. Umenyoosha kidole tu, wengine wakamalizia."

Arlene alichukua kikombe chake akaenda kukaa chumbani. Siku hiyo hawakusemezana tena. Delbert alikula mkate mkavu peke yake, akamsikia kindi juu ya paa, na hakuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Kichwa kilimzunguka. Yule kijana alimsaidia Arlene, hilo ni kweli. Bili imepanda, hilo nalo ni kweli. Aiskrimu aliiona kwa macho yake mawili. Sasa nani mwenye kosa? Alijaribu kuifuta ile picha. Lakini watu walikuwa wameshaichukua na kuisambaza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake alikwenda kituo cha zimamoto. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kuuliza maswali kama raia anayelipa kodi. Ukweli ni kwamba Arlene alikuwa bado hajamsemesha, na hakujua pengine pa kwenda.

Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi alikuwa akifuta gari kwa kitambaa.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

"Mimi ndiye niliyepiga zile picha," alisema Delbert. Alitaka aseme kwa ukali. Sauti ikatoka kama ya kuku aliyenyeshewa mvua.

Mwanamke yule aliacha kufuta. "Mimi ni Kapteni Renata Tolliver," alisema polepole. "Corey! Njoo. Mpiga picha wako amefika."

Kijana mwenye ndevu nyekundu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Delbert alijiandaa kutukanwa. Kijana akaangua kicheko.

"Mzee, wewe ndiye? Umenifilisi!"

"Nimekufilisi vipi?"

"Aiskrimu! Sasa itabidi ninunue tena!"

Delbert hakuelewa hata neno. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kapteni Tolliver alimvutia kiti jikoni, akamwekea kahawa.

"Sisi tuna kawaida yetu," alisema. "Ya zamani, na si ya hapa peke yake. Picha yako ikitoka gazetini, unawanunulia wenzako aiskrimu. Ni njia ya kumfanya mtu asivimbe kichwa. Wiki iliyopita Corey alimtoa mbwa kwenye bwawa. Gazeti likatoa picha yake. Kwa hiyo jana alikuwa akitumikia adhabu yake."

"Kwa pesa ya nani?"

"Yangu!" alisema Corey. "Nani mwingine? Na nikiwa katikati ya adhabu, ukanipiga picha nyingine. Mji mzima umeiona. Kapteni anasema hiyo ni aiskrimu ya pili."

"Sheria ni sheria," alisema Kapteni, naye kakunja uso kama hakimu.

Delbert hakujua acheke au aombe msamaha. Kabla hajaamua, mdomo wake ukauliza. "Na chakula kingine? Nyama, mikate?"

"Tunachanga. Kila mtu anatoa anapoingia zamu. Mji hautupi hata kiazi. Zamu yetu ni siku mbili mfululizo, mchana na usiku, na haturuhusiwi kwenda nyumbani kula. Kwa hiyo tunapika hapa."

"Sawa. Lakini mngeleta chakula kutoka nyumbani, kila mtu na bakuli lake."

"Wapo wanaoleta. Lakini tukila pamoja, namwona nani hajalala na nani ana huzuni. Nahitaji kujua hayo kabla sijamwingiza mtu kwenye nyumba inayowaka."

"Hilo naelewa. Nisichoelewa ni gari." Delbert alisogeza kikombe. "Gari zima, kubwa vile, kwa ajili ya mkate! Mbona asitumwe mtu mmoja na gari lake mwenyewe?"

"Swali zuri," alisema Kapteni. Alichukua vikombe vinne akavipanga mezani. "Hawa ni sisi. Nyumba ikiwaka, wawili wanaingia ndani. Wawili wanabaki nje, tayari kuwaokoa wale wa ndani mambo yakiharibika." Aliondoa kikombe kimoja. "Huyu nimemtuma dukani na gari lake. Simu ya dharura imepigwa. Tumefika watatu. Sasa nani anaingia?"

Delbert alitazama vikombe vitatu. Akavihesabu tena.

"Tunasimama nje tukingoja wengine watoke ng'ambo ya mto, na nyumba inaendelea kuwaka. Isipokuwa kama najua mtu yumo ndani. Hapo tunaingia, lakini tunacheza na maisha yetu. Ndiyo maana tunakwenda sote, na gari linakwenda nasi. Tukiitwa tukiwa dukani, tunaondokea pale pale."

"Basi mbona hamkusema?" Delbert alipandisha sauti. Aibu ilikuwa imemgeuka hasira. "Mbona mtu anayelipa kodi aachwe asimame kwenye maegesho kama mjinga, aone aiskrimu, asiambiwe kitu?"

Corey aliutazama mwiko wake.

"Hapo umenikamata," alisema Kapteni Tolliver. "Hatukuwahi kusema. Tulidhani kila mtu anajua. Na nikuambie jingine. Siku nyingine tumetoka mara mbili kwa sababu mtu amesahau chumvi. Hayo ni mafuta yako, na una haki ya kuyauliza. Kuuliza si ujinga. Ila ungetuuliza sisi kwanza."

"Na kura je? Nipige ipi?"

"Nikiwa kazini siruhusiwi kukwambia. Hiyo ni yako na mkeo. Lakini wewe umestaafu? Umeomba punguzo la kodi la wazee wenye nyumba?"

"Punguzo gani?"

"Jimbo letu linalo, kwa wazee wenye kipato kidogo. Baba yangu analipata. Halijileti lenyewe, lazima uombe. Nenda ofisi ya kodi ukaulize kama unastahili."

Delbert aliweka kikombe chini. Miaka yote hiyo alikuwa akiilaani bili, na hakuwahi kwenda kuuliza lolote.

"Leo tunapika mchuzi wa pilipili wa nyama na maharage," alisema Kapteni akiinuka. "Huruhusiwi kuendesha, lakini mgeni anaruhusiwa kupanda. Twende dukani ukajionee. Sharti moja: nikikwambia kaa ndani ya gari, unakaa."

Delbert alipanda. Alifunga mkanda. Alijihisi mtoto, na akajilaumu kwa kufurahi. Njiani walisimama mara kadhaa, Corey akashuka kukagua mabomba ya maji ya kuzimia moto yaliyo kando ya barabara. "Kuanzia leo duka tutalipitia tukiwa kwenye kazi kama hii, hatutafunga safari ya duka peke yake," alisema Kapteni. "Hilo ni kwa ajili yako."

Dukani Delbert aligeuka mwenye mji.

"Weka hiyo nyama chini!" alimfokea Corey. "Ile pale imepunguzwa bei leo. Na nani kakufundisha kununua maharage ya kopo? Mna jiko, mna zamu ndefu, chemsheni!"

"Naam, mama," alisema Corey. Wenzake wakacheka.

Delbert alikwenda mwenyewe kuchagua vitunguu. Alivibonyeza kimoja kimoja, akaacha vilivyolainika. Alikuwa amejaza mfuko redio zilipoanza kulia zote pamoja. Sauti ya mwanamke ikasema maneno machache. Mtu mzima amekabwa na chakula, mkahawa wa mtaa unaofuata.

Delbert hakuona wakati walipogeuka. Toroli lilibaki peke yake katikati ya njia, na nyama yake na maziwa yake. Mfanyakazi wa duka alilichukua bila kuuliza akalipeleka kwenye chumba baridi. Alikuwa ameshazoea. Delbert peke yake ndiye aliyesimama akishangaa.

"Mzee!" Kapteni aliita kutoka mlangoni. "Unakuja au unabaki?"

Delbert alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu kiwandani. Alipanda garini akihema, king'ora kikaanza, na hazikupita hata dakika mbili wakasimama mbele ya mkahawa.

"Kaa," alisema Kapteni. Delbert akakaa.

Kupitia dirisha la mkahawa aliona mwanamume mnene, uso wake umekuwa wa buluu. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, ameshika kitambaa cha mezani kwa mikono miwili. Corey alisimama nyuma ya yule mwanamume, akamkumbatia chini ya mbavu, akambana kwa nguvu. Akambana tena. Na tena. Kitu kikaruka mezani. Mwanamume akavuta pumzi, akakohoa, akaanza kulia kama mtoto.

Delbert alimtazama yule mke. Aliujua uso ule. Ulikuwa uso wake yeye, mwezi wa Januari, jikoni kwake. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Gari la wagonjwa lilifika baadaye kidogo, na wahudumu wakamchukua yule bwana akaangaliwe hospitali.

Corey alipanda akiwa na jasho. Alimtazama Delbert. Kisha akatazama mapajani mwake.

"Mzee. Hivyo vitunguu umevilipia?"

Delbert aliinamisha macho. Mfuko wa vitunguu ulikuwa mikononi mwake, ameukumbatia.

Walirudi dukani akalipa. Lakini alikuwa amechelewa. Jioni ile ukurasa wa mji ulikuwa na picha mpya. Ilimwonyesha mzee anayetoka supamaketi mbio, mfuko wa vitunguu kifuani, akikimbilia gari la zimamoto. Chini yake mtu ameandika: "Sasa kodi zetu zinawapeleka wezi nyumbani!"

Arlene ndiye aliyeiona kwanza. Delbert alisikia kelele chumbani, akadhani ni moyo. Alikimbia. Alimkuta mkewe kitandani akicheka hadi miwani imeanguka.

"Mwizi wa vitunguu!" alisema Arlene. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana. "Hebu keti hapa, mwizi wangu. Nieleze yote."

Alimweleza yote. Baadaye waliandika pamoja kwenye ukurasa wa mji. Delbert alisema maneno, Arlene akarekebisha. "Mimi ndiye mzee wa vitunguu. Pia ndiye niliyeweka picha ya aiskrimu. Aiskrimu ile kijana aliinunua kwa pesa yake. Nilikosa kwa kutouliza. Bili yangu bado ni kubwa na nitaendelea kuuliza maswali. Lakini nitawauliza wanaojua." Wengine walimsifu. Wengine walisema amehongwa kwa supu. Alijua wanavyojisikia, kwa hiyo hakugombana nao.

Wiki iliyofuata walikwenda ofisi ya kodi. Walistahili punguzo. Halikuwa kubwa, lakini Delbert alilala usingizi. Kapteni Tolliver naye alibandika kibao kidogo ubavuni mwa gari: "Tuko zamu. Chakula tunanunua kwa pesa zetu. Una swali? Tuulize." Siku ya kura Delbert alichagua ndiyo, akiwa bado na hofu kidogo. Kura zilikaribiana sana. Kituo cha upande wao wa mto hakikufungwa.

Ikabaki adhabu moja.

"Picha yako imetoka," Corey alimkumbusha kila walipokutana. "Hata wageni wanashikwa na sheria."

Jumapili moja ya Mei, Delbert na Arlene walinunua aiskrimu, ya karameli na ya vanila, wakaipeleka kituoni wakati wa chakula cha jioni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Meza ilikuwa imetandikwa. Sahani zilikuwa na chakula, nusu kimeliwa. Kijiko kimoja kilikuwa kimeanguka sakafuni. Viti vilikuwa vimesukumwa nyuma. Mahali pa gari palikuwa patupu.

Zamani angesema: ona wanavyoharibu chakula. Sasa alichukua sahani moja akaifunika kwa nyingine, kisha ya pili, kisha ya tatu, ili wakirudi wakute chakula kingali na joto. Arlene aliweka aiskrimu kwenye friza. Mbali, ng'ambo ya reli, king'ora kilikuwa kikilia.

"Twende nyumbani?" aliuliza Arlene.

"Tungoje kidogo."

Walikaa kwenye benchi nje ya mlango, wameshikana mikono. Delbert alikuwa na hofu, na alisema wazi kwamba ana hofu. Maisha yake yote alilalamika kwamba watu hawa wanalipwa kukaa bure. Jioni ile hakutaka kitu kingine duniani ila kuwaona wamerudi, wote wanne, wamekaa bure mezani, wanakula aiskrimu.